Dumu la Asali Lililoshuka Njiani

Shemeji yangu wa Tabora, mume wa dada yangu, ni mtu wa mipango. Kabla ya kukata tiketi ya treni huuliza kwanza jua litapiga upande gani wa behewa. Kwa hiyo alipotua hapa Kigoma, mwisho wa reli, baada ya zaidi ya kilomita 400 za miombo na mabwawa ya Malagarasi, shati lake lilikuwa bado na mkunjo wa pasi. Mkono mmoja begi. Mkono mwingine amekumbatia dumu la lita tano lililoviringishwa kitenge kama mtoto mchanga.

"Asali," akaninong'oneza hata hatujasalimiana. "Ya Sikonge. Ya mama mkwe. Watoto wako wasijue."

Mama mkwe huyo ni mama yangu mzazi, anakaa kule kwetu Mwanga, hapa hapa mjini, na dumu lilipangiwa kukabidhiwa Jumapili baada ya chakula, wazee wakiwa wamekaa. Mpaka hapo halikuwa na ruhusa ya kulala peke yake nyumbani kwangu, ambako sukari hufichwa juu ya kabati na bado huisha. Kila tulikokwenda, dumu lilikwenda.

Likaanza kutalii pale pale stesheni. Jengo lile la Mjerumani limekaa juu kidogo, na ukisimama mbele yake bandari yote iko chini ya macho yako. Reli ilifika hapa mwaka 1914. Mji mkubwa wakati huo ulikuwa Ujiji, kilomita chache kusini, lakini Ujiji ufuko wake uko wazi, upepo unaupiga moja kwa moja. Kigoma ina ghuba, na rasi ya Bangwe imeziba upande wa kusini. Kusi likivuma kiangazi, nje ya rasi mawimbi yanapandana na ndani ya ghuba maji yametulia unaweza kuoshea vyombo. Ukitaka kupiga picha bandarini au stesheni, omba ruhusa kwanza. Watu wamewahi kufuta picha zao zote mbele ya askari kwa sababu ya kreni moja.

Nikamweleza habari ya meli ya Liemba. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makasha, ikaja kwa bahari mpaka Dar es Salaam, ikapandishwa reli, ikaunganishwa upya hapa na kuingizwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani walipoona wamezidiwa, wakaipaka injini grisi nzito na kuizamisha wenyewe. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba.

Shemeji akalitazama ziwa, akalitazama dumu. "Kwa hiyo kitu kikifungwa vizuri, ziwa hili linakirudisha."

Hilo nililiacha lipite.

Ujiji hatukukaa sana. Pale penye mnara wa Livingstone na Stanley, na makumbusho yake chini ya miembe, mwongozaji alipotaja kukutana kwao mwaka 1871, shemeji alimkatiza: mbona hamsemi kwamba baada ya hapo walikuja Tabora, wakakaa Kwihara, na mpaka leo tembe la Livingstone lipo? Ni kweli, na ni vizuri kuunganisha sehemu hizo mbili katika safari moja kwa kuwa treni inapita zote. Ila mwongozaji alitaka kumaliza maelezo yake, shemeji alitaka kuanza ya kwake, na mimi nilitaka chai.

Mwamahunga ndiko nilikompumzisha. Ni ufuko wa mchanga nje kidogo ya mji, ukipita Katonga, wenye miamba pembeni na maji maangavu kiasi cha kuhesabu samaki ukiwa umesimama kifuani. Vaa miwani ya kuogelea ukae juu ya mawe, maana samaki wadogo wenye mistari hujificha maweni, si mchangani. Kuoga, chagua mahali kama hapo, penye mawimbi na mawe, mbali na matete na mbali na mahali watu wanapofulia, kwa sababu konokono wa kichocho hupenda maji yaliyotuama yenye majani. Ukiona nyoka mwenye pingili nyeusi shingoni anapiga mbizi, ni swila wa maji. Ana sumu kali lakini anafuata samaki, hana haja na wewe; mpishe apite. Shemeji hakuoga. Alikaa chini ya mti na dumu.

Sasa Gombe, hifadhi ya sokwe. Hapa ndipo mipango ya Tabora ilipokutana na mipango ya ziwa.

Barabara ya kukufikisha ndani ya Hifadhi ya Gombe haipo; unakwenda kwa maji. Mpaka wake wa kusini uko kama kilomita 16 kaskazini mwa mji. Mwenye pesa hukodi boti ya kasi na kufika kwa saa moja hivi. Wengine tunakwenda Kibirizi, kaskazini tu mwa mji, tunapanda boti ya mbao ya abiria inayohudumia vijiji vya mwambao hadi Kagunga mpakani na Burundi. Hizo huondoka mchana, kati ya saa sita na saa nane, zikijaa, na Jumapili usizitegemee. Hutembea saa tatu na kitu kutegemea zinasimama vijiji vingapi. Kurudi, hupita Gombe asubuhi na mapema, kuanzia saa moja. Fanya hesabu hapo: ukifika jioni, sokwe utawaona kesho yake asubuhi, na wakati huo boti ya kurudi imeshapita. Kwa hiyo ni kulala mara mbili, si moja. Tukapanga Alhamisi kwenda, Ijumaa msituni, Jumamosi kurudi, Jumapili asali kwa mama.

Na lipia hifadhi ukiwa bado mjini. Hawapokei pesa taslimu. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa benki au kwa simu, na mtandao ukiwa chini ya milima ile huja na kuondoka.

Tukafika Kibirizi jua liko utosini. Boti yetu ilikuwa inapakiwa, na kupakia kuna utaratibu wake: magunia ya unga na saruji chini kabisa katikati, maana uzito ukikaa chini boti haiyumbi, kreti za soda juu yake, madumu ya mafuta ya kula yamepangwa ubavuni, magodoro juu ya vyote, kisha watu juu ya magodoro. Anayejua anakaa katikati, karibu na mbavu za boti apate pa kushika. Omoni, kule mbele, unarushwa; tezini, kule nyuma, unavuta moshi. Mchana ukielekea kaskazini jua linakuwa kushoto kwako, kwa hiyo kaa kulia au beba mwavuli. Kiangazi kusi linakusukuma kwa nyuma wakati wa kwenda. Ni kurudi ndiko unakolowa, kwa kuwa unaenda kulipiga kifua.

Utingo akaliona dumu. "Mzee, hilo mzigo. Mia tano."

"Hili si mzigo, ni mkoba."

"Mkoba una mfuniko?"

"Huu unao."

Utingo akacheka. "Haya, tutaelewana kwenye kushuka." Kumbuka sentensi hiyo. Mzigo Kibirizi huelewanwa bei kabla haujapanda. Ukipanda bila bei, bei inabaki kwake.

Hakuna gati pale tulipopandia. Tangu ziwa lijae miaka hii ya karibuni ufuko umemezwa, na boti haisogei mpaka nchi kavu isije ikakwama kwa uzito. Vijana hubeba abiria mgongoni kwa ujira mdogo. Ukibebwa, viatu shika mkononi, mkono mmoja mzungushie mbebaji begani, egemea mbele, usitikisike. Mwili ukienda nyuma, magoti yake yanakwenda mbele, na ninyi wote mnakwenda chini.

Kijana aliyetakiwa kumbeba shemeji alimzunguka mara mbili, akampima. "Huyu," akawaambia wenzake, "anabebwa kwa awamu."

Akampandisha hivyo hivyo. Tatizo halikuwa kilo zake. Mikono yote miwili ilikuwa imeshika dumu, kwa hiyo hakuna iliyoshika kijana. Hatua ya tano wimbi dogo likaja, shemeji akarudi nyuma kulikinga dumu, na ufuko mzima ukashuhudia mtu mzima akizama taratibu mpaka kiunoni huku mikono imeinua dumu juu ya kichwa. Halikupata tone. Wauza dagaa walimpigia makofi.

Simu na nguo za ziada zilikuwa kavu, kwa sababu zilikuwa kwenye ndoo yangu ya rangi ya lita kumi yenye mfuniko wa kubana. Usisafiri ziwani bila ndoo hiyo. Unakalia, inaelea, haipitishi maji, na haigusi marufuku ya mifuko ya plastiki.

Tukang'oa. Nahodha alikuwa mzee wa Kiha asiyesema sana, injini ya kupachika nyuma, ya mafuta ya mchanganyiko: petroli lita 20, oili nusu lita kasoro kidogo. Alipoiwasha aliinama kwanza kuangalia kile kitundu cha pembeni kinachotema maji. Ndiyo alama kwamba injini inavuta maji ya kujipoza. Kisipotema ndani ya dakika moja, zima, maana inaelekea kuungua. Kilitema. Tukapita Kalalangabo, milima kulia, Kongo kushoto imefifia kwa ukungu na moshi wa Agosti.

Jua lilikuwa kali, na dumu lilikuwa limejazwa mpaka shingoni. Shemeji alilijaza hivyo makusudi, "isipigwe na hewa." Lakini asali ikipata joto hutanuka, na isipokuwa na nafasi hupita kwenye uzi wa mfuniko. Ikaanza kumchuruzika mapajani, juu ya suruali iliyolowa tayari. Akavua kile kitenge akajifutia, kisha, kwa kuwa ni mtu wa mipango, akakisuuza ziwani na kukianika kwenye ukingo wa boti, upande wa nyuma, kikauke kabla ya Gombe.

Upepo ukakichukua. Hatukusikia kitu ila injini kubadili sauti, ikakoroma, ikakata.

Boti ya mbao isiyo na mwendo haibaki ilivyo. Upepo huigeuza mpaka inapokea wimbi ubavuni, na hapo hata wimbi la kawaida linaweza kuirusha na kumwaga maji ndani. Nanga haikusaidii, mwambao ule unashuka ghafla, na kamba ya mita 50 inaning'inia tu. Bonde hili la kaskazini la ziwa linafika kina cha mita 1,310, na kule kusini ni mita 1,470, ziwa la pili kwa kina duniani baada ya Baikal. Nahodha hakupiga kelele. Alimwambia utingo neno moja, "ndoo," na utingo akafunga ndoo ya kukumbia maji kwenye kamba ndefu, akaitupa kutoka omoni. Ndoo ikijaa maji hukokota na kuvuta omo ielekee upepo. Vijana wawili wakashika makasia. Mama mmoja akaanza kusali, mwingine akamwuliza anasali kwa sauti ya nini, Mungu si kiziwi.

"Kaeni chini," nahodha akasema. "Wote. Asisimame mtu."

Akasimama mmoja.

"Kitenge changu!" shemeji akasema, akienda tezini.

Kilo zake zikahama kutoka katikati kwenda ubavu wa kushoto, na magodoro yakamfuata. Boti ikalala kidogo. Haikuwa sana, ila ilitosha. Madumu yaliyopangwa ubavuni yakateleza moja baada ya jingine, na matatu yakaenda majini: mawili ya mafuta ya alizeti ya lita 20, mali ya mama wa duka wa Mwamgongo, na moja la lita tano ambalo shemeji alikuwa ameliweka chini "kwa sekunde moja".

Tukamshika shati, tukamkalisha.

Madumu ya mafuta yaliibuka yakaelea, mifuniko juu, yakicheza na wimbi. Mama wa Mwamgongo hakushtuka hata kidogo. "Yatafika," akasema, na kijana akayavuta kwa upondo.

Dumu la asali halikuibuka. Shemeji alilitazama likishuka, rangi ya dhahabu, kisha kahawia, kisha hakuna. Maji ya Tanganyika ni maangavu mno, kwa hiyo msiba wenyewe ulichukua muda.

"Litarudi," akasema. "Lina mfuniko wa kukaza. Si mliniambia ile meli ilirudi?"

Kulikuwa na mwalimu wa sayansi kwenye boti, anayerudi kituoni kwake. Mwalimu hawezi kuona jambo kama hilo akanyamaza. "Mzee, mafuta ya alizeti lita moja ni kama gramu 920. Maji lita moja ni kilo moja. Kwa hiyo mafuta yanaelea. Asali lita moja ni kama kilo moja na gramu 400. Lako lilikuwa lita tano?"

"Tano."

"Kilo saba. Linasukuma maji ya kilo tano. Zimebaki kilo mbili za kuzama." Akafikiri. "Ungeiweka asali hiyo hiyo kwenye dumu la lita kumi, nusu ikabaki hewa, ingeelea mpaka Bujumbura."

"Na ile meli?"

"Ile waliizamisha pasipo na kina kikubwa."

Mama wa Mwamgongo akauliza, kwa huruma kabisa, kama asali huko chini haitaharibika. Mwalimu akafurahi kuulizwa. Akaeleza kwamba huku kaskazini, kuanzia kama mita 100 kwenda chini, maji ya ziwa hayana oksijeni, kwa sababu ya juu yenye joto hayachanganyiki na ya chini yenye baridi. Migebuka, kuhe, dagaa, wote wanaishi kwenye tabaka la juu. Huko chini hakuna samaki wa kutafuna mfuniko.

"Kwa hiyo ipo salama," mama akahitimisha. "Haina tu mwenyewe."

Wakati huo nahodha alikuwa anafanya kazi ya maana. Alizima kabisa, akaweka gia katikati, akainamisha injini mbele mpaka pangaboi likatoka majini. Kitenge kilikuwa kimejifunga kwenye shafti, kimekaza. Usivute. Ukivuta kinazidi kukaza na nyuzi zinaingia kwenye sili ya oili ya gia. Alikata kwa kisu kwa urefu wa shafti, kipande kwa kipande, huku akizungusha pangaboi kinyume kwa mkono. Akamaliza kwa vidole, akihakikisha hakuna uzi uliobaki nyuma ya pangaboi. Injini ndogo zina pini inayokatika yenyewe pangaboi likikwama, ili gia zisivunjike, na nahodha mwenye akili hubeba pini za akiba na plaizi. Hii ilikuwa kubwa kidogo, ina raba ndani, na raba ilikuwa nzima. Akairudisha majini, akavuta kamba. Ikawaka. Akainama kuangalia kitundu. Kinatema. Akamkabidhi shemeji vipande vya kitenge kwa mikono miwili, kwa heshima, bila neno.

Gombe tulifika jua linaelekea milima ya Kongo. Tulipowekwa kwenye ufuko wa Kasekela, askari wa hifadhi alitupa sheria ya kwanza kabla ya karibu: hapa nyani wanatembea ufukweni mchana kutwa, usile nje, usishike chakula mkononi, mlango ufungwe, usianike chochote chenye harufu ya chakula. Madirisha ya mabanda ya kulala yana nyavu za chuma. Hapa binadamu ndiye anayekaa ndani ya tundu, mnyama anapita nje akikuangalia.

Shemeji alisikiliza yote. Akaoga, akafua suruali kwa maji ya ziwa bila sabuni, akaianika kwenye kamba.

Nilimwambia. Askari alimwambia. Akasema, "Ni suruali, si chakula."

Kwa nyani dume aliyekuja dakika kumi baadaye, ilikuwa chakula. Alinusa goti, akanusa mfuko, akaichukua kwa utulivu wa mtu anayechukua cha kwake, akakaa nayo chini ya mti na kuanza kulamba. Nyani akichukua kitu chako, usimkimbilie, usimnyang'anye, usimtolee meno hata kwa kucheka. Kwake meno ni ugomvi, na ya kwake ni marefu kuliko vidole vyako. Subiri achoke. Alichoka baada ya kufika mfuko wa nyuma, ambako kulikuwa na tiketi ya treni ya kurudi Tabora. Hiyo aliimeza.

Asubuhi msituni hutakiwi kaptula. Suruali ndefu, chini ichomekwe ndani ya soksi kwa ajili ya siafu, viatu vyenye meno maana njia za Gombe ni mteremko mtupu. Katika ndoo yangu shemeji alikuwa amebakiza nguo moja yenye miguu: pajama za mistari ya bluu. Akachomeka pajama ndani ya soksi nyeusi, akavaa viatu vya harusi, barakoa usoni. Mwongozaji alimtazama kwa muda, akageuka kuangalia mti, mabega yanamtikisika.

Wapekuzi wa msitu hutangulia alfajiri kwenda mahali sokwe walipojenga viota jana jioni, maana kila jioni hulala kwenye kiota kipya na ukijua walipolala unajua pa kuanzia. Kundi la wageni halizidi watu sita. Mkiwapata mnakaa saa moja tu, umbali wa mita 10, barakoa mdomoni, na mwenye mafua au kikohozi anabaki kambini, kwa kuwa magonjwa yetu ya kifua yanawaua. Mtafiti Jane Goodall alifika ufuko huu Julai 1960, akamwona sokwe akitumia kijiti kuvulia mchwa, na dunia ikabidi ifikirie upya nani mwenye akili ya kutumia zana. Alifariki Oktoba 2025. Gombe imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1968. Ukitaka kuona uvuaji huo wa mchwa, njoo mvua zinapoanza, si Agosti.

Tuliwakuta bondeni wakila matunda, mama na mtoto na madume mawili. Mtoto aliacha kula. Alishuka tawi moja, akakaa, akamkazia macho shemeji kuanzia soksi mpaka kola ya pajama, akanyoosha shingo aone vizuri. Mama yake akamvuta mguu. Mwongozaji akanong'ona kwamba kwa kawaida wageni hawaangaliwi hivyo.

Tukarudi kwa njia ya maporomoko ya Kakombe, penye kivuli na ubaridi hata kiangazi. Pa kukaa na kunyamaza, nashauri hapo kuliko ufukweni. Shemeji alinyamaza kweli. Alikuwa anapanga atamwambia nini mama mkwe.

Jumamosi saa moja kasoro tulikuwa ufukweni. Boti ya kurudi haisimami bila kuitwa. Unasimama mahali peupe, unapunga kitu cha rangi. Shemeji alipunga koti la pajama, na mistari ile ilionekana mbali. Boti ilikuwa ile ile, nahodha yule yule, na mama wa Mwamgongo juu ya madumu ya mawese akielekea sokoni. Kusi lilitupiga kifua njia nzima kama nilivyosema. Mama alikuwa ameshawasimulia abiria wote, kwa hiyo tulipofika usawa wa kati ya Kalalangabo na Mtanga, watu waliinama kutazama majini upande wa kushoto na kulia, na mtoto mmoja akauliza kama asali inaonekana.

Kibirizi, utingo akanyoosha mkono. "Nauli mbili. Na dumu."

"Dumu gani?" shemeji akasema. "Dumu liko chini ya ziwa!"

"Mzee, tulisema tutaelewana kwenye kushuka. Limeshuka."

"Limezama!"

"Mzigo unalipiwa mpaka unaposhukia. Wako umeshukia njiani, kwa hiyo sikudai mia tano. Nakudai nusu."

Shemeji akamtazama nahodha. Nahodha, ambaye safari nzima hakuwa amesema maneno kumi, akatikisa kichwa: ndiyo, ni nusu.

Shemeji akatoa pesa, akazihesabu polepole, kisha akazirudisha nyuma kidogo. "Nipe na risiti. Nitamwonyesha nini mama mkwe?"

Utingo akachana kipande cha boksi la sabuni, akaazima kalamu kwa mwalimu, akaandika akiwa amekiegemeza mgongoni mwa mbebaji yule yule wa Alhamisi: *Dumu 1 asali. Limeshuka njiani. Imelipwa nusu.*